Matango, siki na usiku mmoja kwenye friji

Achari ya friji ni kazi ndogo kiasi kwamba mtu huona haya hata kuiandikia. Unakata, unamimina, unafunika, unaweka kwenye baridi. Hakuna kuchemsha chupa nusu saa wala kungoja miezi. Lakini chupa moja hutoa matango yanayokatika kwa mlio, na nyingine hutoa vipande vilivyolegea kama vimepikwa, ilhali siki ni ile ile. Nikilifikiria jambo hili naona tofauti hiyo mara nyingi imeshaamuliwa kwenye ubao wa kukatia, kabla siki haijafunguliwa.

Chukua tango dogo, gumu, lenye mbegu changa. Tango lililokwisha kunyauka halirudishwi na siki. Kisha litazame ncha zake. Ile ya kikonyo haina neno. Ya upande wa pili, palipokuwa na ua, ndiyo yenye vimeng'enya vinavyovunja pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mboga. Kata milimita 2 au 3 za ncha hiyo uzitupe. Sasa kata vipande vya unene wa nusu sentimita, nyunyizia kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu kilo, na uviache kwenye chujio kwa saa moja. Maji yataanza kudondoka mapema, maana tango ni maji kwa takriban asilimia 95. Suuza haraka, kausha kwa kitambaa safi. Hatua hii ya kukausha hurukwa sana, halafu watu wanashangaa kwa nini achari imepooza.

Kwa chupa ya kioo ya lita 1, yenye nusu kilo ya matango, mchuzi ni siki mililita 250, maji mililita 250, chumvi gramu 18 (kijiko kikubwa kimoja, kilichosawazishwa) na sukari kijiko kikubwa 1 au 2. Kama matango yalishatiwa chumvi, gramu 10 au 12 zinatosha. Chumvi isiyo na madini joto ndiyo nzuri. Ile ya kawaida ya mezani haidhuru, ila inaweza kuufanya mchuzi usiwe mwangavu au kubadili rangi ya mboga. Sufuria iwe ya chuma cha pua. Aluminiamu na shaba hugombana na siki na kuacha ladha ya chuma.

Sukari ni ya ulimi wako, na hata chumvi unaweza kuichezea kidogo. Siki usiipunguze. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mililita 250 za siki ya asilimia 5 zina asidi kama gramu 12.5. Ukiongeza maji kiasi kile kile, nguvu inashuka hadi asilimia 2.5. Matango nayo, ambayo karibu yote ni maji, yanagawana asidi hiyo na mchuzi, na baada ya siku chache chupa nzima inakaribia asilimia 1.25. Baridi ya friji, hata ikiwa nyuzi 4, hupunguza tu mwendo wa vijidudu; listeria, kwa mfano, huweza kuendelea kukua humo. Asidi ndiyo mlinzi. Kwa hiyo soma lebo kwanza. Siki nyingi za mchele ziko karibu na asilimia 4, na hizo hazistahili kuongezewa maji mengi. Siki ya kusafishia nyumba iache ifanye kazi yake ya kusafisha.

Chemsha mchuzi mpaka chumvi na sukari ziyeyuke, basi. Kwa matango, uache upoe kabisa kabla ya kumimina, la sivyo moto utayalegeza. Karoti, koliflawa na vitunguu hupenda mchuzi wa moto, kwa kuwa mboga ngumu haziachii njia kwa urahisi. Ukimimina wa moto, chupa iwe imeoshwa kwa maji ya moto na imewekwa juu ya kitambaa. Kioo baridi juu ya jiwe baridi hupasuka. Ikishapoa mezani, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili.

Kitunguu chekundu ndicho kinachofaa kumwanzishia mtu asiye na subira. Kikate vipete vyembamba vya milimita 2, mwagia mchuzi wa moto, ukitazame. Zambarau iliyokuwa pembezoni tu inaanza kuvuja, inageuka waridi kali kwa sababu ya asidi, na muda si mrefu inaenea chupa nzima. Baada ya nusu saa kinalika. Matango yape usiku mmoja, karoti siku mbili au tatu.

Viungo viwe vizima: mbegu za haradali, za giligilani, pilipili manga. Vya unga huzama chini na kufanya tope. Kitunguu saumu kikigeuka kijani au buluu, usitupe. Ni misombo yake ya salfa imekutana na asidi, na haina madhara. Kitu cha kutupa, tena chupa nzima, ni ukungu juu ya mchuzi, utelezi kwenye mboga, au mapovu yanayopanda yenyewe. Mboga inayoelea nje ya mchuzi ndiyo huharibika kwanza, kwa hiyo ishindilie kwa jani la kabichi lililokunjwa, na utoe achari kwa uma safi, si vidole.

Matango huwa mazuri kwa wiki tatu au nne. Baada ya hapo huanza kulegea. Chupa hii haikai kabatini hata kidogo, kwani haikuzibwa kwa joto. Wala usitie matango mapya kwenye mchuzi wa zamani: asidi yake imeshashuka nusu, nayo matango mapya yataigawa tena. Mchuzi huo uchanganye na mafuta, umwagie saladi.