Siku moja ya kazi Kigoma: seli T kutoka mshipani hadi kwenye naitrojeni

Saa 12:30 asubuhi

Kazi ya siku, kutenganisha seli T (chembe nyeupe za damu, askari wa mwili) kutoka kwenye damu ya mgonjwa kwa ajili ya utafiti, inaanza na kipimajoto. Chumba cha kutenganishia seli kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 18 na 25, na Kigoma saa 4 haijafika chumba kisicho na kiyoyozi kimeshapita hapo. Basi kiyoyozi kinawashwa sasa, na Ficoll, kile kimiminika kizito cha kutenganishia damu, inatolewa kwenye friji ipate joto la chumba taratibu. Ikitumiwa ya baridi inakuwa nzito kuliko ilivyopangwa (1.077 g kwa mililita), na seli zilizotakiwa kuzama zinabaki juu pamoja na zile tunazozitafuta.

Joto la friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri linaandikwa kwenye daftari kwa kalamu, hata kama mashine inajirekodi yenyewe. Umeme ukikatika usiku, daftari ndilo linaloonyesha ilikuwa saa ngapi.

Saa 1:30, wodini

Mgonjwa wa leo ni mtoto mwenye uvimbe wa taya unaodhaniwa kuwa limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Ukanda wetu una malaria nyingi, na saratani hii huenda sambamba na malaria na kirusi cha Epstein-Barr.

Baada ya shikamoo na marahaba, ridhaa inaelezwa kwa maneno ya nyumbani. Mama akiuliza, "Damu yote hiyo ya nini, mwanangu?" anastahili jibu la kipimo: "Mama, ni mililita 7, kijiko kimoja na nusu cha chai. Mililita 5 ni za kutafuta askari wa mwili wake, 2 za kusoma vinasaba." Akikataa, matibabu ya mtoto yanaendelea vilevile, na hilo linasemwa kabla hajauliza.

Chupa ni mbili. Zote zina dawa ya kuzuia damu kuganda. Ya kifuniko cha kijani ina heparini, kwa ajili ya seli hai. Ya zambarau ina EDTA, kwa ajili ya DNA. Usizibadilishe: heparini huzuia kimeng'enya cha PCR, njia ya kunakili DNA iwe nyingi, na jeni za vipokezi vya seli T zitakataa kusomeka huko mbele bila mtu kuelewa sababu. Kila chupa inageuzwa juu chini polepole mara 8. Ukiitikisa unapasua seli.

Mambo mawili lazima yaandikwe kwenye fomu, na ndiyo ninayoyapigania kuliko mengine yote. La kwanza: je, mtoto ameshapewa dawa za steroidi? Deksamethasoni au prednisoloni hushusha idadi ya seli T ndani ya saa chache, kwa hiyo damu inachukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Lakini dozi haicheleweshwi kwa sababu yetu. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na rufaa ya kwenda Bugando au Muhimbili haiwezi kusubiri utafiti.

La pili: kipimo cha haraka cha malaria, na slaidi ya kuhesabu vimelea. Malaria peke yake hupandisha PD-1, protini ambayo ni breki ya seli T, juu ya seli hizo. Sampuli ikifika Dar es Salaam bila taarifa hiyo, mchambuzi ataona breki nyingi na kusema ni saratani, kumbe ni homa ya juzi. Fomu isiyo na jibu la malaria ninairudisha wodini hata kama damu tayari iko mezani.

Saa 2:20, mezani

Damu haiingii kwenye friji. Baridi huharibu utenganisho, na kadiri saa zinavyopita chembe nyeupe za punje huwa nyepesi na kukaa mahali pa limfosaiti, kundi lenye seli T. Tunajipa saa 8 tangu sindano itoke mshipani, ila damu ya saa 2 ni nzuri zaidi kuliko ya saa 7.

Mililita 5 za damu zinachanganywa na mililita 5 za PBS, maji ya chumvi yasiyodhuru seli. Kwenye tyubu ya mililita 15 inatangulia Ficoll mililita 4. Sasa ndipo mkono unapopimwa: tyubu inalazwa kidogo, ncha ya pipeti inagusa ukuta, na damu inateremka kama uzi, bila kutoboa uso wa Ficoll. Ukiona rangi nyekundu inazama kama moshi, umeharakisha. Mpaka ukiwa mkali kama umekatwa kwa wembe, endelea.

Sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu: 400 g (mara 400 ya nguvu ya uvutano), dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Breki ikiachwa imewaka, mashine inasimama kwa mshtuko na tabaka zote zinachanganyika. Ni kosa la sekunde moja, na seli za mtoto huyo hazina akiba. Kama umeme unasuasua tangu asubuhi, jenereta inawashwa kabla ya mzunguko kuanza.

Saa 2:45, dakika za kusubiri

Wakati mashine inazunguka, wanafunzi wa mazoezi huuliza tunatafuta nini hasa. Seli T nyingi zina kipokezi cha minyororo miwili, alfa na beta, kinachoshika kipande kidogo cha protini kikiwa kimeonyeshwa juu ya seli nyingine. Jeni zake zilitambuliwa mwaka 1984, na Tak Mak na Mark Davis walikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Kila seli T hukata na kuunga jeni hizo kivyake, ndiyo maana mtu mmoja ana mamilioni ya vipokezi tofauti. Kando ya kipokezi kuna breki. PD-1 iligunduliwa katika maabara ya Tasuku Honjo mwaka 1992; James Allison alifanya kazi kwenye breki nyingine, CTLA-4; wote wawili wakapata Nobeli mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki ikifunguliwa, seli T zinaweza kuishambulia saratani.

Burkitt ina ujanja wake. Seli yenye kirusi cha Epstein-Barr huficha karibu protini zote za kirusi, hubaki na moja, EBNA1, na kipokezi kinakosa cha kushika. Kwa hiyo maswali yetu ni haya: vipokezi gani vimebaki kwenye damu ya mtoto huyu, na seli zinazovibeba zimechoka kiasi gani?

Saa 3:10

Tyubu ikitoka, iangalie usawa wa macho. Ni kama chupa ya mawese iliyolala mahali pa baridi: zito limekaa chini, jepesi limepanda. Chini kabisa kuna wekundu, juu yake Ficoll iliyo angavu, juu kabisa plazima ya njano. Kati ya plazima na Ficoll kuna pete nyeupe nyembamba, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Kazi yote ya asubuhi iko kwenye pete hiyo. Inavutwa kwa pipeti kwa kuzungusha ncha ukutani. Ukivuta Ficoll nyingi pamoja nayo, seli zitagoma kushuka wakati wa kuosha.

Kuosha ni mara mbili kwa PBS. Ya kwanza 300 g dakika 10. Ya pili 200 g, ili chembe sahani zibaki juu zimwagwe.

Saa 4:00, kuhesabu

Mikrolita 10 za seli, mikrolita 10 za bluu ya tripani. Seli hai hung'aa, mfu hunywa bluu. Chukua mfano wa pembe nne za kioo cha kuhesabia zenye seli hai 240 na mfu 12. Wastani wa hai ni 60. Mara 2 kwa mchanganyiko, mara 10,000 kwa ujazo wa kioo, unapata milioni 1.2 kwa mililita. Katika mililita 5 ni milioni 6, nazo hai ni asilimia 95. Ikishuka chini ya 90, nenda kwenye fomu uone damu ilikaa muda gani na wapi.

Saa 4:30, kugandisha

Mchanganyiko wa serumu sehemu 9 na DMSO (kemikali inayokinga seli zisipasuliwe na barafu) sehemu 1 uliandaliwa mapema na kupoozwa, kwa sababu vikikutana hutoa joto. Unaongezwa tone kwa tone, vichupa viwili vya milioni 3 kila kimoja. Kuanzia hapo ni dakika 10 tu, maana DMSO kwenye joto la chumba ni sumu kwa seli. Vichupa vinaingia kwenye kopo lenye isopropanoli, aina ya spiriti, kisha friza, vishuke nyuzi 1 kwa dakika. Isopropanoli inabadilishwa kila baada ya matumizi 5. Ikishavuta maji, kasi ya kupoa inaharibika.

Saa 7:00 mchana

Ugali wa muhogo na migebuka, kisha kompyuta. Mafaili ya sampuli za nyuma yamerudi kutoka Dar es Salaam, kwenye mashine inayosoma seli moja moja kwa kingamwili za rangi nyingi. Mpangilio wa kuchuja ni uleule: seli moja moja, kisha hai, kisha CD3 (alama ya seli T), kisha CD4 na CD8 (alama za makundi yake mawili), mwisho PD-1. Mstari wa PD-1, unaotenga seli zenye breki hiyo na zisizo nayo, hauchorwi kwa macho. Unachorwa kwa kutumia tyubu iliyopewa kingamwili zote isipokuwa ya PD-1. Na alama nyingine, CD62L, kwenye seli zilizogandishwa siiamini, kwa sababu hupukutika seli zikigandishwa na kuyeyushwa.

Saa 10:30 jioni

Vichupa vya jana vinahama kutoka friza kwenda kwenye tangi la naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mlango unaachwa wazi, kwa kuwa mvuke wa naitrojeni hufukuza oksijeni kimyakimya. Rula ya mbao inazamishwa hadi chini, inahesabiwa sekunde kumi, inatolewa na kupungwa hewani. Theluji inajichora hadi pale kimiminika kilipofika. Leo ni sentimita 14. Hatutaki ishuke chini ya 12, kwa hiyo simu ya oda inapigwa sasa, kabla ya wikiendi.