Kisichoshika moto si salama: dawa za kuondoa grisi zenye klorini

Kwenye gereji nyingi za Arusha, kopo la dawa ya kupulizia breki ili kuzisafisha halikosekani. Grisi inatoka papo hapo, chuma kinakauka, na likiandikwa kwamba halishiki moto ndiyo fundi analiamini zaidi. Mara nyingi kinacholizuia lisiwake ni klorini, na hiyo klorini ndiyo ya kuogopwa.

Geuza kopo usome namba ya utambulisho wa kemikali (CAS). 79-01-6 ni trikloroethilini, inayosababisha saratani ya figo. 127-18-4 ni perkloroethilini, ile ya madobi wa suti. 75-09-2 ni dikloromethani. Ukikuta mojawapo, usiipulize kwenye chuma kinachokwenda kuchomelewa. Joto na mwanga mkali wa kuchomelea huvunja mvuke wake, zikatoka asidi ya hidrokloriki na fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Fosijini huchelewa. Mtu anakohoa kidogo, anarudi nyumbani, halafu usiku au kesho yake mapafu yanajaa maji. Aliyeivuta aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anajiona mzima, na jina la dawa liende naye.

Kungoja kikauke hakutoshi, maana dawa hujificha kwenye nyuzi za bolti, kwenye bati zilizopandana, na ndani ya ufa ule ule unaotaka kuuziba. Chuma cha kuchomelea kifute kwa asetoni, kisha kopo na matambara uyapeleke mbali, kwa kuwa asetoni inawaka vibaya.

Mvuke wa trikloroethilini ni mzito kuliko hewa mara nne na nusu, hivyo hutuama kwenye shimo la kuingilia chini ya gari. Kufungua milango hakumsaidii aliye shimoni. Feni inyonye kutoka chini. Na zile glavu nyembamba za bluu, dawa huzipenya ndani ya dakika chache tu.

Wenye tanki la mvuke, lile linalochemsha dawa ili mvuke wake usafishe vipuri, wana jambo la kwao. Kitabu kinasema trikloroethilini huchemka kwa digrii 87, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Arusha, mita kama 1,400 juu, huchemka karibu na 82. Oili ikiongezeka kwenye tanki, joto la kuchemka hupanda, kwa hiyo ukisoma 87 hapa usidhani dawa ni safi: imeshabeba oili nyingi, ibadilishe. Kipuri kitoe pale matone yanapoacha kujitengeneza juu yake, ukikiinua polepole, sentimita 5 kwa sekunde, la sivyo unauvuta mvuke utoke nacho. Kisiingie kikiwa na maji. Maji na joto huigeuza dawa kuwa asidi, na vipuri vinaota kutu.

Iliyochakaa isimwagwe nyuma ya gereji. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama ardhini mpaka chini ya maji ya kisima na kukaa huko miaka mingi. Iweke kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, peke yake, bila kuichanganya na oili chafu inayouzwa kwa wenye matanuru.