Geuza Uone Mgongo: Mangaluru na Dhahabu ya Harusi ya Wabunt

Treni ya Matsyagandha niliyoipanda Mumbai alasiri ilipambazukiwa kwenye pwani ya Karnataka, kusini mwa India, na dirishani yakaanza mapaa ya vigae vyekundu katikati ya minazi. Mtu wa pwani yetu haoni ugeni hapo. Vigae vya Mangalore, jina la zamani la Mangaluru, vilivuka bahari miaka mingi kuja Afrika Mashariki, na vingine bado vinakinga mvua juu ya nyumba kongwe. Lakini mimi nilifuata vito vya harusi vya Wabunt, jamii ya Tulu Nadu, eneo la pwani hiyo, ambayo zamani ilijulikana kwa mashamba ya mpunga na majumba makubwa ya ukoo yaitwayo guthu. Mwigizaji Aishwarya Rai ni wa jamii hiyo.

Nilikwenda Januari, na ndio mwezi ninaoushauri. Kuanzia Juni ni mvua isiyo na simile, kisha unaingia mwezi wa Aati, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ambao Watulu hawaozeshi. Maduka yatakuwa wazi, ila hutaona kito hata kimoja kikiwa shingoni mwa bibi harusi.

Mangaluru, nenda moja kwa moja Rathabeedi, mtaa wa hekalu la Venkataramana. Wauza maua na masonara wako jirani, jambo linalofaa kwa mwenye harusi. Neno la kwanza la kujifunza ni pavan: gramu 8. Hakuna anayesema mkufu wa gramu 40. Ni pavan tano. Kipimo hicho kinalingana na sarafu ya pauni ya dhahabu ya Kiingereza, yenye gramu 7.98 na dhahabu ya karati 22, na sarafu hizo ndizo zilizotungwa kuwa pavana sara, mkufu wa sarafu.

Sonara mmoja mzee alinitandazia mmoja wa kale juu ya kitambaa chekundu. Sarafu ishirini na moja. Nikainama kutazama nyuso za wafalme, naye akaugeuza wote kifudifudi kwa kiganja kimoja. "Anna, yaani kaka, uso hutazamwa na wageni," akasema. "Sisi tunatazama mgongo."

Mgongoni ndiko kwenye habari. Kila sarafu ina kishikio kilicholehemiwa ukingoni. Vishikio husuguana na uzi, na sarafu za katikati huanza kulika kwanza kwa sababu ndizo zinazobeba uzito. Viwili kati ya vile ishirini na moja vilikuwa vyembamba kama unywele. Harusi moja zaidi, na sarafu ingedondoka ukumbini. Dawa ni kubadilisha kishikio, si kuongeza lehemu juu ya lehemu. Lehemu ya zamani ilikuwa dhahabu iliyochanganywa na shaba nyingi, hivyo kadiri unavyoirundika ndivyo karati inavyoshuka siku ya kuyeyusha. Baadaye ikaja lehemu ya kadimiamu, dhahabu sehemu 92 kwa kadimiamu 8, ambayo wauzaji bado huisifia kwa jina la KDM. Moshi wake ni sumu kwa sonara, na KDM si alama ya ubora wowote. Ukisikia sifa hiyo dukani, omba alama rasmi: nembo ya BIS, shirika la viwango la India, maandishi 22K916, yaani karati 22 yenye dhahabu sehemu 916 kwa elfu, na HUID, namba ya pekee ya kila kito yenye herufi na tarakimu sita. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 maduka ya India hayaruhusiwi kuuza vito vinavyotakiwa kuwa na alama bila HUID, na namba yenyewe unaihakiki kwenye programu ya BIS Care ukiwa umesimama palepale.

Mkufu wa sarafu una faida nyingine: hugawanyika bila moto. Wabunt walifuata aliyasantana, urithi wa upande wa mama, ambapo mali ya ukoo ilishikwa kwa pamoja, na mrithi wa mjomba alikuwa mtoto wa dada yake. Sheria ya jimbo la Madras ya 1949 iliruhusu kugawana. Shamba likigawanywa huzaa kesi. Sarafu unazihesabu tu.

Usichanganye pavana sara na kasu mala. Huu wa pili ni wa visarafu vyembamba vilivyopigwa chapa ya mungu wa kike Lakshmi, vinapandiana kama magamba ya samaki. Unajaza kifua kwa dhahabu kidogo, lakini visarafu hujikunja ukiukunja mkufu. Uviringishe juu ya kitambaa.

Vito vya mawe mekundu, kempu, ndivyo vinavyoumiza wanunuzi. Vingi vya zamani vina uwazi ndani uliojazwa lakiri, na mawe yamekaa juu ya lakiri hiyo. Uzito unaosoma kwenye mizani si wa dhahabu. Pima hewani kisha ndani ya maji: kipande cha gramu 80 cha karati 22, kisicho na mawe wala lakiri, kitapungua gramu 4.5 hivi majini. Kikipungua 6, ndani mna kitu kingine au dhahabu ni ya chini. Kwa vito vipya, risiti ionyeshe uzito wa jumla na uzito wa dhahabu peke yake. Na kempu isioshwe kwa maji moto, kwani lakiri hulainika na jiwe hutoka. Ndiyo maana pete na bangili za kempu ningezivua kabla ya dhare, pale maji yanapomiminwa kutoka kwenye birika lenye mdomo juu ya mikono ya maharusi iliyoshikana.

Karimani, kidani cha ushanga mweusi na dhahabu anachovaa mke, kinaonekana kitu kidogo kando ya hayo yote, ila ndicho kinachovaliwa kila siku. Ukingo wa tundu la ushanga wa kioo ni msumeno. Uzi ukianza kuota manyoya, peleka ukatungwe upya. Usingoje ukatike sokoni.

Vipimo huharibika kwa kosa moja: kupima mwili mtupu. Vanki, kikuku cha mkono wa juu chenye umbo la V iliyopinduliwa, kimetengenezwa hivyo ili kisibane msuli, lakini hukaa juu ya mkono wa blauzi. Mkanda wa kiunoni, dabu, hukaa juu ya mikunjo ya sari. Vaa nguo zote, zungusha uzi, kata, mpe sonara uzi wenyewe.

Maua nayo yana hesabu. Asumini za Shankarapura, karibu na Udupi, hufungwa kwa nyuzi za mgomba: chendu moja ni maua 800, chendu nne ni atte moja, yaani maua 3,200. Bei hupangwa kila siku. Pambo la dhahabu la msuko wa nywele lishonwe kwanza, kutoka juu kwenda chini, maua baadaye. Ukianza na maua utayaponda.

Usiku wa mwisho nilikwenda kijijini kwenye kola, ngoma ya usiku ya daiva, roho anayeheshimiwa na Watulu. Sanduku la bhandara, hazina ya daiva, lilitolewa nyumba ya guthu kwa maandamano: panga, kengele, kinyago cha madini, na gaggara, vikuku vizito vya miguu vyenye uwazi na punje za chuma ndani. Mchezaji alikuwa bado ameketi gizani, sketi yake ya makuti machanga haijafungwa vizuri, alipotikisa mguu mmoja kujaribu. Uwanja mzima ukanyamaza.