Bahasha ya picha za watu wa Mbuyuni

Jana Jumamosi nilienda sokoni Mbuyuni na bahasha tu, kamera nimeiacha nyumbani makusudi. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha 14 nilizosafisha wiki hii, saizi ile ya kawaida ya albamu, zote za watu niliowaambia "ntakuletea" afu sikuleta, wengine tangu mwaka juzi.

Nilipoanza kupiga picha nilikuwa mtu wa mlima. Hapa Moshi kila mtu anajua Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, anatoka alfajiri, ikifika saa tatu saa nne mawingu yameshamfunika, jioni akitaka anatoka tena, basi saa kumi na mbili asubuhi mimi niko juu ya gorofa la rafiki yangu nasubiri. Nina mamia ya Kibo kwenye kompyuta na nikizipanga siwezi kukwambia ipi ni ya mwaka gani.

Kilichonitoa huko ni barafu yenyewe. Nilisoma kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Klute na Oehler, waliipima barafu ya Kibo kwa kutumia picha, na kazi yao ndo inayotumika mpaka leo kulinganisha, ndo maana inajulikana zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya wakati ule imeshaondoka. Nikawaza sana. Wale walikuwa wanaweka kumbukumbu ya kitu kilivyo siku ile, basi. Na huku chini nani anaweka? Mlima kila mgeni ataupiga, lakini sado ya kupimia mchele, daftari la madeni la mangi wa dukani, kibao cha kinyozi chenye vichwa vilivyochorwa kwa mkono (hivi vinaisha jamani, sa hivi karibu kila mtu anaprinti bango), hivyo nani ana picha zake?

Ndo nikahamia sokoni. Natumia lenzi moja tu ya milimita 50, haivuti mbali, lazima umsogelee mtu, na ukimsogelea lazima umsalimie na umwambie unataka nini, nami naona hivo ndo sawa. Shida ilikuwa maturubai ya bluu, mwanga ukipita pale sura zote zinakuwa za bluu kama za wagonjwa. Mwanzoni nilikuwa nazigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, nimeacha, kwa sababu ukiwa umesimama pale mwanga ni wa bluu kweli.

Sasa jana nikaanza na mama wa ndizi, yule anayeuzaga mshare za mtori. Shikamoo mama. Marahaba, akaniangalia, "si ulisema kesho?" Nilisema kesho, kweli, ni mwezi wa saba ule. Nikampa picha yake kwa mikono miwili.

Yeye hakujiangalia hata. Kidole kikaenda moja kwa moja nyuma, kwenye kona, "we njooni muone, hapa si ndo alipokuwaga mama wa dagaa kabla hajahama!" Wakaja watatu wanne, picha ikashikwa na mikono ya vitunguu na ya samaki, mmoja akasoma kipande cha boksi kilichochomekwa kwenye nyanya, fungu 500, basi ikawa kelele, mia tano! mwenzao mwingine anabisha kwamba mafungu yenyewe yalikuwa madogo, wakaanza kuhesabu nyanya kwenye picha. Mimi lile boksi sijawahi kuliona, na ile kona nilitaka kuikata kabisa nikisafisha, niliona inachafua picha. Nimelala naifikiria hiyo kona.

Akaniambia picha ni nzuri ila nirudi Jumanne akiwa ameshasuka, nimpige na wale wote pamoja, na nisiseme kesho.

Niligawa tisa. Mzee wa kunoa visu aliiweka kwenye mfuko wa shati bila kusema neno, afu baada ya kama dakika tano akaja kunitafuta anisalimie tena. Kijana wa bodaboda wanasema amehamia Himo, nimepewa namba ya ndugu yake. Zimebaki tano. Jumanne naenda na kamera na bahasha.