Jioni Baba Alipoitikia

Wakati huo nilikuwa na desturi ya kusoma Zaburi tano kila siku kwa kufuata tarehe. Unaanza na Zaburi ya tarehe yenyewe, unaongeza thelathini, kisha thelathini nyingine, hadi zitimie tano, na kwa mpango huo Zaburi zote 150 huisha ndani ya siku 30. Nilikuwa nikizisoma asubuhi kwa uaminifu, lakini, nikisema kweli, nilizisoma kama mtu anayetimiza wajibu, na mara nyingi nilipofunga Biblia sikuweza kukumbuka nilichokuwa nimesoma.

Kiharusi kilimpata Baba alfajiri ya tarehe 11. Kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wake wa kulia vikapooza, na usemi nao ukamtoka. Alikuwa akisikia na, kwa kadiri tulivyoweza kuona, akielewa mengi, lakini kila alipotaka kusema ilitoka silabi moja tu, "ni, ni, ni", kisha alinyamaza akanitazama kama anayeomba radhi. Kila asubuhi niliingia wodini nikamwamkia, "Shikamoo, Baba," na ile marahaba niliyoizoea tangu utoto haikuja. Sikujua kwamba neno dogo namna hiyo linaweza kuacha nafasi kubwa kiasi kile.

Siku mbili za kwanza sikuomba. Nilipiga magoti, lakini maneno hayakuwapo, kana kwamba na mimi nilikuwa nimenyang'anywa usemi. Tarehe 13 nilifungua Zaburi ya 13 kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa ya siku hiyo, nikakuta mtu ananisemea: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Katika mistari miwili ya mwanzo swali hilo la "hata lini" limeulizwa mara nne. Nilisoma mistari hiyo miwili peke yake kwa muda mrefu, nikalia, na baada ya kulia nikatambua kwamba nilikuwa nimeomba. Tangu siku hiyo nikaanza kuichukua Biblia wodini na kumsomea Baba Zaburi za siku kwa sauti, jioni, wageni wakishaondoka.

Jioni ninayotaka kuieleza ni ya tarehe 16. Zaburi za siku hiyo ni ya 16, ya 46, ya 76, ya 106 na ya 136. Nilikaa upande wake wa kulia, nikaushika ule mkono ambao haukuweza kunishika, nikaanza. Nilipofika mstari wa nane wa Zaburi ya 16 sauti yangu ilikwama: "Nimemweka Bwana mbele yangu daima, kwa kuwa yuko kuumeni kwangu, sitaondoshwa." Kuumeni, yaani upande wa kulia. Nilikuwa nimeusoma mstari huo kila mwezi kwa miaka bila kuuona, na sasa nilikuwa nimeshika mkono wa kuume usio na nguvu, mzito na wenye joto, huku nikisoma kwamba hapo hasa ndipo Bwana alipo. Niliurudia mara mbili. Baba alifumba macho, lakini hakuwa amelala.

Ya 46 na ya 76 nilizisoma bila kusimama. Ya 106 ni ndefu, ina mistari 48, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka niliiharakisha. Laiti ningekuwa makini, ningeona kwamba mstari wake wa kwanza, unaomalizika kwa "fadhili zake ni za milele", ulimfanya Baba ageuze kichwa.

Zaburi ya 136 ilikuwa na historia katika nyumba yetu. Ina mistari 26, na kila mstari unamalizika kwa maneno yale yale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Tulipokuwa wadogo, katika ibada ya jioni, Baba alisoma sehemu ya kwanza ya kila mstari na sisi watoto tukaitikia. Hakutuharakisha kamwe. Aliweka kidole chake juu ya mstari na kungoja mpaka mdogo kuliko wote amalize, hata kama Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani, wanaotajwa karibu na mwisho wa Zaburi hiyo, walikuwa wametushinda na usingizi ulikuwa umeanza kutuchukua.

Jioni ile nilisoma pande zote mbili mwenyewe, mwito na kiitikio. Nilipofika kwenye jua litawalalo mchana nilisikia mvumo kifuani mwake, nikadhani anakohoa. Kwenye mwezi na nyota mvumo ukarudi, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikawa kimetulia juu ya shuka, kimenyooka, kama kinachoshikilia mstari. Ndipo nikaacha kusoma kiitikio. Nilisoma upande wangu tu, nikangoja. Kwanza ilitoka "milele", nusu yake ikiwa pumzi. Mstari uliofuata ikatoka "za milele". Niliendelea polepole, nikiogopa hata kuinua macho. Tulipofika mstari wa 23, "Aliyetukumbuka katika unyonge wetu", Baba aliitikia kwa sauti iliyopinda, lakini bila kuacha neno: "Kwa maana fadhili zake ni za milele."

Tulipomaliza alitaka maji, na hakuweza kusema "maji". Ilikuwa "ni, ni, ni" kama jana yake. Mtaalamu wa tiba ya usemi alinieleza baadaye kwamba mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hushindwa kuunda sentensi mpya, ilhali nyimbo, sala na maneno aliyoyarudia miaka mingi huweza kubaki na kutoka. Naiamini elimu yake, nami naishukuru. Lakini naona pia kwamba kati ya yote ambayo Baba aliwahi kuyasema maishani, hilo la kumsifu Mungu ndilo alilokuwa amelirudia kiasi cha kutosha kubaki.

Kesho yake, tarehe 17, nilimwamkia, hakuweza kujibu. Jioni nilianza na Zaburi ya 17, nikasoma ya 47, kisha ya 77, ambamo Asafu anasema kwamba alifadhaika hata asiweze kunena. Nikafungua ya 107. Mstari wa kwanza nilisoma nusu, "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema", nikaweka kidole juu ya ukurasa, nikanyamaza. Ilichukua muda mrefu. Muuguzi alipita, taa ya korido ikawashwa, na mimi sikuinua kidole mpaka Baba alipoumaliza.