Mbwa wa jirani alivyomshambulia paka wangu na kwa nini sikukubali mbwa auawe

Mbwa akishamng'ata mnyama wako, kitu cha kwanza utakachosikia mtaani ni apigwe afe yaishe. Mimi nilisikia hivo hivo hapa Chuno, Mtwara, vijana walishashika magongo tayari na mmoja keshapanda juu ya matofali anamlenga kichwa, na naandika hii kwa sababu ndo kitu ambacho natamani kila mtu mwenye paka, mbuzi au kuku uani kwake akijue mapema: mbwa aliyeng'ata anatakiwa abaki hai, afungwe, aangaliwe siku 10. Ukimuua siku ile umeua na jibu la swali kubwa kuliko yote, ana kichaa cha mbwa au hana.

Paka wangu ni jike, wa njano na mabaka meupe, tunamwita Kashata. Mbwa ni wa mzee jirani wa nyuma, dume kubwa la kahawia, mzee alikuja nalo kutoka shambani kwake upande wa Nanyamba ambako kazi yake ilikua kufukuza nguruwe na ngedere kwenye mikorosho na mihogo. Mbwa wa shamba jamani sio wa mjini, kakulia kukimbiza kila chenye mkia, halafu unamleta mtaa ambao kila nyumba ina paka na kati yetu na yeye ni uzio wa makuti ulioshaoza chini.

Ilikua jioni napaa samaki uani, Kashata kakaa pembeni anasubiri matumbo, mbwa akapenya pale chini akamdaka mgongoni na kuanza kumtikisa huku na huku. Huko kutikisa ndo kubaya kuliko hata meno, nitaeleza kwa nini. Mpwa wangu wa miaka 12 alikua karibu, akaruka kwenda kumchomoa paka mdomoni mwa mbwa kwa mikono yake, na kwa kweli ndo anachofanya kila mtu akimpenda mnyama wake, unasahau una mikono ya nyama. Mimi nilichukua ndoo ya maji ya samaki nikamwagia mbwa usoni yote, akaachia. Maji yanasaidia sana, kugonga sufuria karibu na masikio yake pia, au sukumiza kiti cha plastiki katikati yao, au mrushie khanga nzito kichwani asione, chochote kile ila mkono usiingize. Mpwa wangu alishakwaruzwa na jino kwenye kiganja, damu kidogo tu ambayo mtoto mwenyewe anaficha asichapwe.

Sasa hapo ndo watu wanakosea mpangilio, wote macho kwenye paka na kwa mbwa. Mtu kwanza. Nilimshika mkono nikampeleka bombani, maji yanatiririka, sabuni ya mche, nikamuosha dakika 15 kwa saa, na dakika 15 ni nyingi sana ukiwa umesimama na mtoto analia na paka analia ndani, lakini hilo osho peke yake linapunguza sana virusi kwenye jeraha. Mama yangu akatoka akasema mbwa ni najisi, tuoshe mara saba na moja iwe kwa udongo. Nikamwambia mama, uko sahihi kwa sakafu na hii ndoo na khanga niliyovaa, nitavitwaharisha vyote kama unavosema, lakini udongo usiingie kwenye jeraha la mtoto wala la paka, hapo ni sabuni na maji tu. Akaelewa, akachukua ndoo na khanga akaenda kuviosha mwenyewe. Na sio udongo tu, watu wanapaka mafuta ya taa, majivu, kahawa, hata oili chafu ya gari, vyote hivyo vinazidi kuchubua kidonda na ukifika hospitali nesi anaanza kazi ya kukutoa uchafu wako kwanza.

Nilipotoka bombani ndo nikawakuta vijana na magongo. Niliwaambia wadogo zangu, nawaomba, huyu mbwa mkimpiga kichwani mtoto wangu nitampeleka hospitali na nitajibu nini nikiulizwa mbwa yuko wapi? Wakamkaba kwa kamba ya katani na mzee mwenyewe akaja kumfunga kwenye mwembe wake.

Na kweli hospitali ndo maswali ya kwanza. Mbwa ana mwenyewe? Yupo? Kachanjwa? Alichokozwa au kaja tu? Nesi aliposikia mbwa yuko hai na kafungwa alitulia, akasema vizuri mama, lakini sindano tunaanza leo hatusubiri. Hii muielewe vizuri kwa sababu kuna watu wanaambiana ngoja tumuangalie mbwa kwanza. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonesha dalili kwa mtu basi, karibu wote wanakufa, hakuna dawa ya kukirudisha nyuma. Chanjo inafanya kazi kabla ya dalili. Na dalili zinachelewa, kawaida miezi miwili mitatu, ila inaweza ikawa wiki moja au hata mwaka, kwaiyo kumuona mtoto anacheza mpira kesho yake hakumaanishi kitu. Unaanza siku hiyo hiyo, unarudi siku ya tatu, ya saba, na huku mbwa anaangaliwa, akitimiza siku 10 mzima daktari ndo anaamua kama zilizobaki ziendelee au la.

Kashata huku nyumbani mama alishamlaza kwenye tenga, kamfunika khanga, giza, kimya, karibu nae hakuna mtu wa kumshikashika. Hiyo ndo huduma ya kwanza nzuri kwa paka aliyeng'atwa maana akiwa na maumivu atakung'ata hata wewe uliyemlea. Nilimfunua mdomo kidogo tu nikaangalia ufizi, ulikua wa pinki. Ukiona ufizi umekua mweupe au paka anahema mdomo wazi hapo usilale, mtafute daktari usiku huo huo, anavuja damu ndani au mapafu yameumia. Jirani mmoja kwa huruma yake kabisa akaleta panadol, anasema mpe nusu imtulize. Jamani, jamani, panadol ni sumu kwa paka. Hata nusu kidonge kinaweza kumuua, mwili wake hauwezi kuisaga hiyo dawa kama wetu, damu yake inaacha kubeba hewa na anakufa kifo kibaya. Na sio hiyo tu, usimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Niliosha vidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita, nikaacha hapo.

Bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki asubuhi. Kwa macho yangu Kashata alikua na vitundu vinne tu mgongoni, vidogo, hata damu imeshakauka. Akachukua wembe akamnyoa eneo lote lile, na chini ya manyoya ngozi ilikua ya zambarau mpaka ubavuni. Akabonyeza pembeni ya tundu moja kwa kidole, majimaji mekundu yakatokea kwenye tundu lingine kabisa, la upande wa pili. Akaniambia unaona dada, huku ndani ngozi imebanduka kwenye nyama, ndo kule kutikiswa, jino limesimama halafu mwili unavutwa, kwa nje tundu kwa ndani mfuko, na mate ya mbwa yote yamebaki humo. Ndo maana hakushona. Mimi nilidhani atashona, akasema nikifunga nafungia usaha ndani, siku ya tatu utaona jipu na homa. Akaingiza maji ya dawa kwa bomba la sindano mpaka yakatoka safi, akapanua tundu la chini kabisa kidogo ili uchafu uwe unashuka wenyewe, akamchoma sindano ya antibayotiki na nyingine ya maumivu inayofaa paka, mimi kazi yangu ikawa kuosha asubuhi na jioni na kuhakikisha tundu lile la chini halizibi mapema.

Kisha akaomba kadi ya chanjo. Kashata alikua nayo kwa sababu mwaka uliopita siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe 28 Septemba, walichanja mtaani na mimi nilimpeleka kwenye kapu, watu wakashangaa paka anapanga foleni na mbwa. Chanjo ni ya paka pia, sio ya mbwa peke yake. Akamchoma ya kuongezea nguvu pale pale. Akasema angekua hana kabisa na mbwa akathibitika ana kichaa, ushauri ungekua kumuondoa uhai au kumfungia peke yake miezi isiyopungua minne. Nikimuangalia mama yangu nikajua hilo lingetuumiza nyumba nzima.

Sasa kwa jirani. Nilienda baada ya magharibi siku ile ya pili, na mjumbe na bwana mifugo, sio peke yangu na sio na kelele. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, tukakaa. Kwanza alikataa, akasema paka tu huyo, nitakuletea mwingine shambani wapo wengi. Iliniuma sana ile kauli. Nikamjibu baba, mimi sijaja kwa ajili ya paka mwingine, nimeleta cheti cha mtoto cha hospitali na risiti, naomba kadi ya mbwa. Mkewe akanyanyuka akatafuta, hakuna. Mzee akasema mbwa wa huku walichanjwa wote ulipokuja ule mradi. Ni kweli mradi ulikuwepo, Shirika la Afya Duniani na serikali walichanja mbwa kwa wingi mikoa hii ya kusini, Lindi na Mtwara zikiwemo, kuanzia mwaka 2010 hivi. Bwana mifugo akamwambia kwa upole, mzee, mbwa waliochanjwa kipindi kile wengi wameshakufa, huyu wako kazaliwa juzi, na chanjo inarudiwa kila mwaka.

Hapo mzee akabadilika. Akasema basi mchanje sasa hivi, hapa hapa. Bwana mifugo akakataa, na hii sikuwahi kuisikia kabla: mbwa aliyeng'ata hachanjwi ndani ya zile siku 10, maana akija kulegea au kukosa hamu ya kula huwezi kujua ni sindano au ni ugonjwa unaanza. Virusi vinatokea kwenye mate siku chache tu kabla mbwa hajaanza kuumwa, kwaiyo kama aliweza kuambukiza siku aliyong'ata, ndani ya siku 10 lazima atakua anaonekana mgonjwa au keshakufa. Tuliambiwa tuangalie nini: sauti kubadilika, mate kudondoka, kushindwa kumeza, miguu ya nyuma kuyumba, kung'ata vijiti na mnyororo, au mbwa mkali kuwa mpole ghafla wa kujificha gizani. Hiyo ya upole watu hawaijui kabisa. Na akifa, asizikwe, kichwa kinapelekwa maabara, Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo hapa hapa Mtwara, wanapima ubongo. Ndo nikakumbuka yale magongo, mbwa aliyepondwa kichwa anapimwa nini tena?

Kesho yake tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi ya daftari, sahihi za pande zote na muhuri. Mbwa afungwe kwa mnyororo sio kamba, bwana mifugo aingie kumuona muda wowote, akimaliza siku zake achanjwe kwa gharama ya mzee, mchana asizurure, na mzee alipe sindano za mtoto na matibabu ya Kashata. Hela hakua nazo, ilikua mwezi wa tisa, kila mtu huku kusini mwezi wa tisa mfukoni hamna kitu, tukaandika atalipa malipo ya korosho yakiingia. Wapo walionicheka kukubali ahadi ya korosho. Mimi namjua yule mzee, chama chake cha msingi cha wakulima wa korosho kinajulikana, mnada unajulikana, na karatasi ina muhuri.

Kila jioni mpwa wangu alikua anasimama upande wetu anachungulia mbwa kama amekula, anakuja kuniambia shangazi kamaliza ugali wote. Siku ya kumi bwana mifugo akaja, mbwa anabweka vizuri kabisa na anavuta mnyororo, akachanjwa, akaandikiwa kadi, nikaipiga picha kwa simu yangu. Hospitali daktari akaangalia, akasema mtoto zile alizopata zinatosha ila kadi yake aitunze, akija kung'atwa tena siku zijazo atahitaji sindano chache tu.

Kashata alipona polepole, manyoya ya mgongoni yameota meupe sehemu ambayo yalikua ya njano, na uani hatoki mpaka anuse kwanza. Uzio tuliubomoa, mzee akatoa mianzi mimi nikatoa mabati ya chini, tumeyazika kabisa ardhini. Mnada wa kwanza alinilipa sindano zote za mtoto, wa pili akamalizia za bwana mifugo, imebaki nauli ya bodaboda ya siku ile ya hospitali na hiyo nimemsamehe.