Panya wa kizimba cha 14

Nimefika nyumbani saa mbili usiku, foleni ya Waiyaki Way ilikuwa mbaya, na njia nzima nilikuwa nawaza yule panya wa maabara yetu.

Jike, mweupe, miezi 23, na kwa panya huo ni uzee. Wiki mbili amekonda, kichwa kimeinamia upande, machoni yale machozi mekundu ungedhani ni damu. Hakuna mtu alimdunga kitu, aligonjeka mwenyewe tu. Leo tukamlaza asiamke tena, tukafungua fuvu, tukainua ubongo, na pale chini ambapo tezi ya pituitari, ile ya kutoa homoni, inafaa kuwa ndogo kama punje ya mchele kulikuwa na uvimbe mwekundu iliyoiva kama haragwe, na ubongo juu yake umebonyea.

Ilibidi nishike meza ju dadangu ako na uvimbe wa tezi hiyo hiyo.

Miaka mitatu maziwa yanamtoka na hana mtoto, hedhi imekatika, mama mkwe anasema amefungwa, kliniki wanampima mimba tu kila akienda. Mpaka alipoanza kugonga watu mabega pale steji, ya pembeni haoni, ndio daktari mmoja akaagiza apimwe prolaktini, homoni ya maziwa, na apigwe picha ya kichwa.

Hawa panya wa maabara, sana sana majike wa aina ya Sprague-Dawley na Wistar, wakizeeka huu uvimbe huwapata bila kusababishiwa, na mwingi ni wa seli zinazotoa prolaktini, kama wa dadangu. Dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo huzituliza hizo seli, ikipungua na umri zinaanza kuzaana. Si kila kitu kinafanana, yaani kwetu tezi imekaa kwenye kishimo cha mfupa na ikivimba inabana mishipa ya macho, kwa panya inapanda moja kwa moja kwenye ubongo. Lakini kuna panya wa Ujerumani waliozaliwa na kasoro kwenye jeni ya p27, ile huzuia seli kuzaana ovyo, wakaota uvimbe wenyewe, na mwaka 2006 watafiti wakaandika kwamba wameipata kasoro ya jeni hiyo kwa familia ya watu. Siku hizi ugonjwa huo, wa kurithi uvimbe wa tezi, unaitwa MEN4. Ulianza kuonekana kwa panya!

Nikaambiwa huyu hayuko kwenye utafiti, niandike uzee, nitupe. Nilikataa. Nimeiweka tezi kwenye formalini na lebo nimeandika mwenyewe.

Leo ni Alhamisi, siku ya dadangu ya kabergolini, dawa ya kushusha prolaktini. Nimempigia, amekunywa.